Barua ya Wazi kwa Bodi ya Filamu Tanzania: Safari ya Mwezini Kutoka Msimbati

Waheshimiwa,

Kwa taadhima nawaandikia kutoka Mikindani, Mtwara, ambako mimi na vijana wanane tumeazimu kutengeneza filamu fupi juu ya chombo kinachoondoka kijijini Msimbati kwenda mwezini. Na kilichonishikisha kalamu ni kwamba, katika ofisi moja tuliyoiendea kutaka shauri, tuliambiwa hadithi za anga ni za mataifa tajiri, nasi tushike visa vya mapenzi na uchawi.

Neno hilo lilinihuzunisha, na historia inalikanusha. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kimoja cha vituo vilivyokifuatilia chombo chake kilikuwa Unguja. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru, neno letu ambalo tangu hapo limo katika vitabu vya falaki vya ulimwengu mzima.

Mali hatuna, lakini pwani tunayo. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, mlangoni mwa Ruvuma hubaki mafungu ya mchanga yasiyo na mti wala unyayo, ambayo yakipigwa picha hayahitaji pambo lolote ili yawe mwezi. Mzamiaji wa pweza akishuka katika maji maangavu ya Ghuba ya Mnazi, mwendo wake ni ule ule wa mtu aliyepotewa na uzito. Wanaanga wenyewe hufunzwa kazi yao ndani ya birika kwa sababu hiyo. Kofia za wanaanga wa filamu yetu atazichonga fundi wa Kimakonde kwa mti mwepesi, kwa mfano wa vinyago vya mapiko vinavyofunika kichwa kizima (zichongwe mpya, kwani sitaki kinyago cha jando kiondolewe mahali pake). Wanuri Kahiu wa Kenya, kwa filamu yake fupi ya kubuni wakati ujao, Pumzi, ya mwaka 2009, amekwisha kutufungulia njia.

Naomba basi kibali kimoja, kitolewe hapa hapa Mtwara, kikubaliwe pia na Hifadhi ya Bahari ambayo tangu mwaka 2000 imeyalinda maji ya ghuba hiyo na mlango wa Ruvuma, ili kijana asiumalize mfuko wake kwa nauli za Dar es Salaam kabla hajaiwasha kamera; na kama Bodi yaweza kutuazima sanduku la kuzamishia kamera, siku tatu za bamvua zatutosha. Mashua iliyogeuzwa chombo cha anga imekwisha tiwa rangi, nasi twangojea mwezi mwandamo.

Wenu mtiifu,
Mtengeneza filamu, Mikindani