Lifti zilipozimwa, nani alipata fedha za theluji?

Biashara inayotegemea mtambo mmoja husimama siku mtambo huo unapozimwa. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa katika majira ya baridi ya 2020/2021, Serikali ilipofunga lifti za nyaya zinazopandisha watelezaji kwenye milima yenye theluji, ili kudhibiti Uviko-19. Msimu mzima ulipita bila lifti hizo kufunguliwa kwa umma.

Hata hivyo, wateja wa mwishoni mwa wiki hawakuisha. Wengi waligeukia kupanda wenyewe. Mpandaji hubandika ukanda wenye manyoya chini ya skii ili asirudi nyuma, na akifika juu huubandua na kuteremka.

Mteja huyo hanunui tiketi ya lifti, lakini hukodi vifaa, humlipa mwongozaji, hula na pengine hulala kijijini, wakati mwingine kwa mkulima anayepangisha vyumba. Hivyo fedha zake huwafikia wadogo moja kwa moja.

Tatizo ni usalama. Katika milima ya Alps, maporomoko ya theluji huua wastani wa watu 100 hivi kwa mwaka, wengi wao wakiwa nje ya njia zinazosimamiwa. Kwa hiyo, anayekodisha skii hana budi kukodisha pia koleo, fimbo ndefu ya kupekulia theluji na redio ya kumtafuta aliyefukiwa, na kumhimiza mteja asome taarifa ya hatari ya siku hiyo.

Soko jipya huweza kuziba sehemu ya pengo la lile lililofungwa, ilimradi mteja arudi nyumbani salama.