Jeshi Likitoka Kambini, Lipewe Tarehe ya Kurudi

Ndugu zangu wa Lamu, na nyote mlio Kenya,

Barua hii naiandika nikiwa nimeudhika, na sitaki kuificha hali yangu.

Tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, yaani ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, kundi letu la familia lilijaa picha za gwaride, bendera na mashada ya maua. Kwa picha sikuwa na neno. Kilichonikera ni yaliyofuata. Mmoja wetu aliandika kwamba jeshi ndilo pekee linalofanya kazi katika nchi hii, kwa hiyo lipewe hospitali, lipewe bandari, lipewe nchi nzima limalize wezi. Watu wazima wenye wajukuu wakaitikia amina.

Na hao waliosema amina ni watu wa Lamu! Bahari yetu ilifungwa usiku kwa miaka kadhaa, kuanzia 2011, kwa jina la usalama, wavuvi wakayaanika majarife yao ukutani na watoto wakaacha shule kwa kukosa karo. Baada ya shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, mlifungiwa ndani kwa kafyu kila jua likitua. Ndugu zetu Waaweer walikatazwa msitu uliowalisha tangu mababu, na shule za wadi ya Basuba zikakaa miaka bila mwalimu. Ikiwa kuna watu Kenya wanaojua maana ya kuishi chini ya bunduki ya mtu aliyekuja kukulinda, ni sisi. Vipi tena sisi ndio tuwe wa kwanza kuiita?

Naelewa mlikofikia. Mmechoka. Waziri anaiba, mbunge anaiba, hata karani wa ofisi ya ardhi hakusogezei faili bila kitu kidogo, na mbele ya uozo huo sare iliyopigwa pasi inapendeza. Ndiyo maana mwaka 2020 KMC, tume ya nyama ya serikali, ilipokabidhiwa Wizara ya Ulinzi mlifurahi, na meja jenerali alipopewa kuendesha huduma za Jiji la Nairobi mlifurahi zaidi. Lakini raia anayemkabidhi mwanajeshi machinjio na takataka za mji amekwisha kumkabidhi akili yake. Kazi zile ni zetu. Tukishindwa kuwafukuza wezi kwa kura, bunduki haitatufanyia hesabu za uaminifu.

Tuirudie siku yenyewe mliyoisherehekea. Inakumbusha Oktoba 2011, wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Walivuka kwanza, Bunge likaja nyuma. Mwaka uliofuata waliingizwa rasmi chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika; mwaka 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na ATMIS ilipofikia tarehe yake ya kufungwa ikafuatwa na AUSSOM, Januari 2025. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule walipovuka leo yuko sekondari. Nani kati yenu amewahi kumsikia mbunge wake akisimama na kusema, kwa jina lake mwenyewe, vijana hawa watarudi lini?

Tulikwenda ili nyumbani pawe salama. Baadaye ikaja Westgate mwaka 2013, magaidi wakaua watu 67 madukani Nairobi. Ikaja Mpeketoni. Ikaja Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Kila mara tuliambiwa tuongeze uvumilivu, na kila mara tuliongeza. Wahenga walisema vita havina macho, nasi tukaamua kuvisindikiza gizani bila kuuliza njia.

Kisha ikaja El Adde. Alfajiri ya Januari 15, 2016, kambi yetu kule Gedo ilivamiwa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja wanajeshi wapatao 200 waliouawa. Jeshi letu lilikanusha, lakini halikutoa idadi yake rasmi. Mama aliyezika mwanawe hajui mwanawe alikuwa wa ngapi. Halafu mwaniletea picha za mashada ya maua! Ua la nani, ikiwa marehemu hatuwataji?

Huku Ujerumani nilipo kuna jambo liliniuma nilipolielewa. Nje kidogo ya Potsdam, karibu na Berlin, kuna msitu ulio ndani ya kambi ya jeshi, na watu huruhusiwa kuingia. Ulifunguliwa mwaka 2014 kwa ajili ya wanajeshi wa Ujerumani waliofia kazini ng'ambo, na majina yao yameandikwa kwenye nguzo. Afghanistan peke yake walikufa 59. Nilisimama pale nikiyasoma majina ya vijana wa watu nisiowajua, na sikuweza kuyataja hata matano ya vijana wetu wa El Adde.

Majina hayo hayakuandikwa kwa sababu Wajerumani wana huruma kutuzidi. Yaliandikwa kwa sababu kuna sheria inayowalazimisha wakubwa wao kujibu. Julai 1994 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba serikali haiwezi kupeleka jeshi kwenye operesheni za silaha bila idhini ya Bunge. Mwaka 2005 utaratibu ukawekwa katika sheria. Serikali inayotaka kutuma wanajeshi huleta bungeni ombi la maandishi lenye kazi watakayofanya, eneo, msingi wa kisheria, idadi isiyoweza kuzidishwa, muda na gharama. Kwa kawaida muda huo ni mwaka mmoja tu. Ukiisha, ama wanajeshi warudi, ama waziri arudi mbele ya wabunge kuomba upya. Na Bunge likibadili nia katikati, lina haki ya kuiondoa idhini yake.

Wala hawafanyi mchezo. Novemba 16, 2001, Kansela Gerhard Schröder alipotaka jeshi lishiriki vita vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 11, aliifunga kura hiyo na kura ya imani juu yake mwenyewe. Alihitaji kura 334, akapata 336. Kiongozi wa dola kubwa namna hii aliponea chupuchupu kwa sababu ya kutuma wanajeshi. Kwetu nani amewahi hata kutokwa na jasho?

Basi nasema jambo moja, na ndilo nililoshikia kalamu. Kila jeshi letu likitoka kambini, liende nje ya nchi au liingie mitaani, lipewe tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo ipigiwe kura kwa majina. Nje ya nchi, miezi 12. Ndani ya nchi, siku 30. Muda ukifika, idhini ife yenyewe bila mtu kuiua. Atakayetaka kuongezewa aje na taarifa mkononi: wangapi wamekufa na majina yao, wangapi wamejeruhiwa, raia wangapi wamedhurika, fedha kiasi gani zimetumika, na kazi iliyobaki ni ipi. Asiye na taarifa asipewe hata siku moja.

Msingi wake tunao. Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje. Kifungu cha 241 kinataka idhini ya Bunge la Kitaifa kabla ya jeshi kutumwa kurejesha amani mahali palipo na vurugu nchini. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Kitaifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita. Mlango umewekwa kufuli la kuingilia, wala hakuna aliyekumbuka saa ya kutokea. Idhini isiyo na mwisho huombwa mara moja na kutumiwa maisha.

Kumbukeni Juni 25, 2024. Vijana walipofika Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi alichapisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jeshi litawasaidia polisi. Bunge liliidhinisha siku iliyofuata, magari ya kivita yakiwa tayari barabarani. Chama cha Mawakili kilikwenda kortini, na Jaji Lawrence Mugambi akaiagiza Serikali itangaze mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 wanaolipwa na jasho lenu. Swali la mpaka lini lilingoja jaji mmoja!

Na kwetu? Operesheni Linda Boni ilianza Septemba 2015. Baadaye ikaitwa Amani Boni. Niambieni, tarehe yake ya kuisha ni ipi? Kila mkazi wa Lamu anapaswa kuijua tarehe hiyo kama anavyoijua Idi. Msitu ukifungwa kwa mwezi, mtu huvumilia. Ukifungwa bila muda, watoto hukua wakidhani kizuizi cha barabarani kiliumbwa pamoja na barabara.

Najua jibu la wakubwa. Watasema adui atazijua siri zetu. Adui wa El Adde alijua wangapi walikufa. Wasiojua ni mama zao. Watasema Wajerumani walipiga kura kila mwaka na bado walikaa Afghanistan karibu miaka 20, wakatoka kwa aibu mwaka 2021. Ni kweli. Lakini Bunge lao liliunda tume ya kuchunguza, na taarifa yake ya mwanzo, mwaka 2024, ilikiri kwamba nchi ilishindwa kimkakati. Kila kura iliyopigwa ina jina la aliyeipiga, na mjukuu wa mjukuu ataweza kuisoma. Sisi tumeyazika ya Mlima Elgon ya 2008 na mateso yaliyofanywa na wanajeshi, tukayazika ya Wagalla, na hakuna mbunge unayeweza kumwonyesha mjukuu ukamwambia, huyu ndiye aliyesema ndiyo.

Wagalla hainitoki moyoni. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa na vikosi vya usalama kwenye uwanja wa ndege, Wajir, na waliouawa hesabu yao yabishaniwa hadi leo. Yote kwa jina la kuleta amani baina ya koo. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipouana tena, amani ililetwa na wanawake. Walianza na soko. Wakakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, wakachagua wa kulisimamia hilo, wakatoka hapo wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyepewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Miezi mitatu baadaye jeshi likavuka mpaka.

Dekha hana siku yake ya gwaride. Watoto wetu wanajua majina ya bunduki na hawalijui jina lake. Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote, kwamba tumefundishwa kumshukuru aliyepigana na kumsahau aliyepatanisha, ilhali amani ya Wajir ilijengwa na wanawake wa sokoni.

Najua mtakaloniambia. Mtasema ni rahisi kunena ukiwa Berlin. Ni kweli kwamba niliondoka bahari ikiwa imefungwa usiku, nikamwachia ndugu yangu jarife na deni. Wakati nyinyi mlipokuwa mkikimbilia majumbani kabla ya kafyu, mimi nilikuwa natembea usiku wa manane katika mji wa watu bila kuulizwa kitambulisho, na kila hatua ilinichoma. Pesa ninazotuma hazijanipa usingizi, na zinazowafikia najua hazitoshi. Yupo pia mwana wa ami yetu aliyevaa sare hiyo, na mama yake hawezi kulala simu ikilia usiku. Nampenda kijana huyo. Kwa sababu nampenda, nataka aliyemtuma alazimike kila mwaka kusimama na kusema kwa nini.

Kwa hiyo fanyeni haya, tafadhali, na msiyaache yakapita kama mazungumzo ya barazani. Uchaguzi ni Agosti 2027. Kila mgombea atakayeleta kanga na unga aulizwe swali moja: utapiga kura ya tarehe ya kurudi, ndiyo au la? Ajibu mbele ya watu, arekodiwe. Tena Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi la kutunga sheria. Rasimu nimeiandika, fupi, kwa Kiswahili, na nimeituma kwenye kundi letu palepale zilipokuwa picha za gwaride. Isomeni, isahihisheni, ipelekeni Faza, Witu, Kiunga na Mpeketoni. Wajir na Garissa pia wapelekewe. Mimi ni wa mbali, na haifai nitangulie. Tieni saini nyinyi kwanza, na yangu iwekeni chini ya zenu zote.

Ndugu yenu aliye Berlin