Mtoto Aliyefungiwa Ndani Hasomi, Wala Hayuko Salama

Katika kaya nyingi za mijini kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania imejengeka imani kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza pale tu anapokuwa ameketi na daftari na penseli, na kwamba mchezo ni namna ya kumshughulisha hadi akili yake ipevuke. Imani hiyo ina pacha wake, nayo ni kwamba mtoto yuko salama akiwa ndani ya geti, mbele ya runinga au na simu ya mama yake mkononi, na kwamba huingia hatarini punde anapogusa udongo. Mtaani Shangani, mjini Mtwara, ambako kuna nyumba zenye uzio na bahari haiko mbali, pacha hao wawili huishi pamoja bila kugombana: asubuhi mtoto hukaririshwa herufi, alasiri huletewa mwalimu wa tuisheni, na saa zinazobaki huachiwa katuni. Makala haya yanashikilia kwamba mtoto anayelelewa hivyo hajifunzi kama inavyodhaniwa wala hayuko salama kama inavyodhaniwa, na kwamba kasoro zote mbili zina chanzo kimoja, yaani kukosekana kwa mtu mzima aliyeketi karibu naye, anayemtazama na kuzungumza naye.

Hoja ambayo wazazi huitegemea zaidi ni kwamba ndivyo shule inavyotaka. Sivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali, yaani ile inayotangulia darasa la kwanza, kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, lakini mtaala wa ngazi hiyo, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, humtaka mwalimu afundishe kwa michezo, nyimbo, hadithi na kona za ujifunzaji, ambazo ni sehemu za darasa zilizotengwa kila moja kwa shughuli yake, kama vile kujenga, kuchora au kuigiza kazi za nyumbani. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa hadi miaka minane, inahesabu fursa za ujifunzaji wa awali pamoja na ulinzi na usalama kuwa mambo mawili kati ya matano ambayo mtoto hawezi kukua vyema bila hayo, sambamba na afya bora, lishe, na malezi yenye mwitikio, maana yake malezi ambamo mzazi huzisoma ishara za mtoto na kuzijibu. Kinachowasukuma wazazi si mtaala bali ni usaili wa baadhi ya shule binafsi, ambazo humpa mtoto wa miaka mitano karatasi ya mtihani kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Hofu hiyo ina msingi, na lawama haiwezi kumwangukia mzazi peke yake. Ila mzazi anayeitibu kwa kumkalisha mtoto kitako mchana kutwa amekosea dawa.

Amekosea kwa sababu stadi zinazofupishwa kwa jina la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hazianzi kwenye karatasi. Kuandika kunadai kwanza nguvu na utiifu wa misuli midogo ya vidole na kifundo cha mkono, na misuli hiyo hukua kwa kufinyanga, kusuka, kupembua na kufunga fundo, si kwa kufuatisha nukta za herufi ambazo mkono haujaweza kuzizunguka. Kusoma kunadai sikio linaloweza kuvunja neno katika silabi zake, kazi ambayo nyimbo za kupiga makofi huifanya vizuri kuliko kukariri "a, e, i, o, u" kwa sauti ya pamoja. Kuhesabu nako kunadai mtoto aelewe kwamba namba ni idadi ya vitu, kwa maana mtoto anayetaja namba hadi hamsini bila kusita lakini akashindwa kumletea bibi yake vijiko vinne, amejifunza wimbo tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni mdako, mchezo ambao wasichana wengi wa Tanzania wameucheza na ambao hakuna duka linalouuza. Mchezaji huchimba kishimo kidogo ardhini, hukijaza kokoto, hurusha kokoto moja juu, na kabla haijaanguka huzitoa nyingine kwa kiganja; kisha anaporusha tena huzirudisha kishimoni zote isipokuwa moja, na katika mzunguko unaofuata hubakiza mbili, halafu tatu, hadi zimalizike. Ndani ya mchezo huo mmoja mna kujumlisha na kutoa, mna kukadiria muda wa kokoto hewani, mna ulinganifu wa jicho na mkono, na mna kile ambacho wataalamu wa makuzi hukiita kujidhibiti, yaani uwezo wa mtoto kuzuia pupa yake ili afuate kanuni aliyoikubali na kusubiri zamu yake bila kupokonya. Mtoto wa miaka minne hataumudu mdako wenyewe, lakini ataweza kuzipanga kokoto, kuzitenganisha kubwa na ndogo, na kumhesabia dada yake. Ni vigumu kuona ni daftari gani linalompa haya yote kwa wakati mmoja.

Ukili nao ni wa namna hiyo. Huo ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya miyaa, ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka, na anayeusuka hufuata kanuni ya kupitisha jani juu na chini kwa mpangilio unaojirudia, kiasi kwamba aliyekosea hesabu huliona kosa lake baada ya vidole vichache na kulazimika kurudi nyuma. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes (1952–2014) alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba vikapu, mikeka na mifuko ya kusuka imebeba jiometri halisi, na kitabu chake kiitwacho Otthava kinahusu ususi wa Wamakua wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, watu ambao ndugu zao wako pia upande wa Tanzania. Msomi wa chuo kikuu aliiona hisabati katika mkeka. Mzazi aliyekalia mkeka huohuo anamwambia mtoto aache kuchezea miyaa akasome.

Hata mkoa wenyewe unaikanusha dharau hii ya kazi ya mikono. Sanaa ya Wamakonde imeifanya Mtwara ijulikane mahali ambapo watu hawajui hata iko wapi kwenye ramani, na mmoja wa wasanii wake wakubwa, George Lilanga, mzaliwa wa Masasi, alianza kwa kuchonga mizizi ya muhogo kabla ya kuhamia mti laini na hatimaye mpingo. Mpangilio huo, kutoka kitu laini kwenda kigumu, unaweza kufuatwa nyumbani bila gharama: mtoto wa miaka mitatu hupewa udongo wa mfinyanzi uliochujwa mawe, wa miaka minne hupewa kipande cha muhogo mtamu na kijiko cha kuchimbia, na kisu hubaki mkononi mwa mkubwa. (Muhogo mchungu usitumike, kwa kuwa mtoto hutafuna anachokishika, nao ukiwa mbichi una sumu.)

Wapo watakaosema kwamba haya ni masimulizi ya kupendeza, na kwamba ulimwengu wa sasa unadai matokeo. Matokeo yapo, tena katika pwani hii hii ya Waswahili. Viongozi wa jumuiya za Kiislamu wa pwani ya Kenya, waliokuwa wakisikitika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, waliomba msaada kwa Aga Khan, na kutokana na ombi hilo mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986 chini ya mwalimu Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ulichanganya mafundisho ya dini na ujifunzaji kwa michezo, na zana zake zilitengenezwa kwa vitu vinavyopatikana palepale, kama vifuu, mbegu na makuti. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa shule hizo na wa shule nyingine za awali pamoja na waliobaki nyumbani bila shule yoyote. Makundi yote mawili ya shule yaliwapita wa nyumbani kimaendeleo ya akili, na wale wa madrasa wakawapita wenzao wa shule nyingine. Ikumbukwe kwamba wazazi wale hawakuwa wakitafuta burudani. Walitaka watoto wao wafaulu, na jibu walilopewa likawa mchezo uliopangwa vyema.

Sasa kuhusu usalama, ambako pacha wa pili wa imani hii hufanya madhara makubwa zaidi. Geti humzuia mgeni na gari, lakini haliizuii hata moja ya hatari zilizomo ndani ya nyumba: ndoo ya maji iliyoachwa bafuni, mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, jiko la mkaa lililowekwa sakafuni, na betri bapa zenye umbo la kitufe, zinazopatikana katika vidude vya kuchezea vya bei nafuu, ambazo mtoto akiimeza moja ikakwama kooni huweza kumuunguza ndani kwa ndani katika muda wa saa mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, umri ambao ndoo au pipa linatosha na bahari haihitajiki. Shirika hilohilo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kila siku na asikae mbele ya kioo cha runinga au simu zaidi ya saa moja, jambo ambalo ratiba ya daftari na katuni huligeuza juu chini.

Mtwara ina hatari zake pia, ambazo mtu wa Dodoma hawezi kuzijua. Ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayobabua ngozi na midomo, kwa hiyo msimu unapofika mtoto aweza kuzihesabu korosho zisizobanguliwa akiwa na mtu mzima, lakini asizing'ate na asikaribie zinakochomwa. Salfa inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, pamoja na viuatilifu vingine, haipaswi kuhifadhiwa chumba kimoja na vyombo vya jikoni, wala mifuko yake kugeuzwa kuwa vitu vya kuchezea. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete za bao, humfaa aliyeacha kutia vitu mdomoni, kwani chochote kinachopenya katika bomba la katikati la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba aliye chini ya miaka mitatu. Ufukweni, maji yakiwa yamekupwa, makombe matupu ni hazina ya kupanga na kuhesabu, ila gamba lenye umbo la pia ambalo mwenyewe angali ndani lisishikwe kabisa, kwa sababu baadhi ya konokono hao wa Bahari ya Hindi wana sumu ya kuua.

Hakuna katika haya kinachodai kwamba zamani kulikuwa salama. Watoto walizama na kuungua pia, na wanaoisifu enzi hiyo kwa kawaida ni wale waliopona. Kinachodaiwa ni kwamba hatari zilizotajwa zinaondolewa kwa kuzifahamu moja moja na kwa jicho lililo karibu, na jicho hilo ndilo linaloweza pia kumuuliza mtoto kokoto zimebaki ngapi.

Pingamizi la kweli ni muda. Wazazi wengi wa Shangani hurudi jioni wakiwa wamechoka, na anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni binti mdogo aliyepewa maelekezo ya usafi na mapishi bila neno hata moja kuhusu mchezo. Nyumba inayomlipa mwalimu wa tuisheni huku ikimkemea dada huyo anapoketi chini kucheza na mtoto inanunua kwa fedha kile ambacho tayari imekifukuza bure. Dada huyo amwachie mtoto apembue mchele pembeni yake, apange sahani kwa idadi ya walaji, atege na kutegua vitendawili; na baba naye, akiwapo, asijione mgeni katika mkeka huo.

Shule zinazowafanyia watoto wa miaka mitano usaili wa maandishi ziuache, na ofisi za elimu zisisubiri ziuache kwa hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inaitaja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika katika orodha ileile ya wajibu wa mzazi yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na haikuiweka chini ya sharti la kwanza kumaliza kazi ya daftari.