Daftari la Polisi: Nani Alifungue, na Lini?

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha watu wa Marekani kwa miaka mingi sasa ni hili: polisi wanalazimika kuwaonyesha raia kitu gani katika kazi yao, na raia afanye nini wasipoonyesha? Tumeona tulijadili leo kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu Waislamu wa nchi hiyo wamo ndani ya kisa chenyewe, tena upande wa walioumia. Pili, huku kwetu habari za polisi wa Marekani hutufikia vipande vipande: picha ya kijana aliyeuawa, maandamano, hotuba ya meya. Lile lililo chini ya hayo yote, yaani sheria ya kufungua madaftari, hupita bila kuangaliwa.

Inafaa msomaji ajue kwamba Marekani haina jeshi moja la polisi kama lilivyo letu. Ina vyombo takriban 18,000, vya miji, vya wilaya, vya majimbo, hata vya vyuo vikuu, na kila kimoja kina mkuu wake na kabati lake la majalada. Hata idadi ya watu wanaouawa kwa risasi za polisi haikuwa ikijulikana, kwa kuwa shirika la upelelezi la FBI lilitegemea vyombo vitakavyopenda kupeleka taarifa. Gazeti la Washington Post lilipoanza kuhesabu lenyewe mwaka 2015, lilikuta watu karibu 1,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya idadi iliyokuwa ikitolewa na FBI. Nchi inayojua bei ya ngano kila asubuhi haikuwa ikijua idadi ya maiti hao.

Tuanze na New York. Mwaka 2011 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifichua kwamba polisi wa jiji hilo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, walianzisha kitengo cha kuwachunguza Waislamu kwa Uislamu wao. Wapelelezi waliingia misikitini, migahawani, katika maduka ya vitabu na katika jumuiya za wanafunzi, hata nje ya mipaka ya jimbo. Waliandika nani anakula wapi, na nini kimezungumzwa. Mwaka 2012 ofisa mwandamizi wa idara hiyo alikiri chini ya kiapo kwamba, kwa miaka aliyoisimamia kazi hiyo, haikuleta hata fununu moja iliyozaa upelelezi wa ugaidi. Kitengo kilivunjwa mwaka 2014.

Angalia vizuri: haya hayakujulikana kwa sababu polisi waliyatangaza, wala kwa sababu sheria iliwalazimisha. Yalijulikana kwa sababu karatasi zilivuja. Mwaka 2012 Imamu Talib Abdur-Rashid, anayeongoza msikiti katika mtaa wa Harlem, alichukua njia ya sheria. Jimbo la New York lina sheria inayompa raia haki ya kuomba nyaraka za serikali, naye akaomba zake: kama nilipelelezwa, nionyesheni. Mwanafunzi mmoja Mwislamu wa chuo kikuu cha Rutgers naye aliomba. Jibu walilopewa lilikuwa kwamba idara haikubali wala haikanushi kuwapo kwa nyaraka hizo.

Jibu hili lina nasaba yake. Lilizaliwa miaka ya 1970, pale shirika la ujasusi la CIA lilipoulizwa habari za meli Glomar Explorer, iliyotumwa kuinua nyambizi ya Kisovieti kutoka chini ya bahari. Ni jibu la majasusi wa taifa kwa mambo baina ya mataifa. Polisi wa jiji wakalichukua kumjibu imamu aliyeuliza kuhusu msikiti wake, na Machi 2018 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikalihalalisha. Kwa maoni yetu jibu hili ni zito kuliko kukataa. Anayekataa kutoa jalada amekwisha kukubali kwamba jalada lipo, na mwombaji aweza kwenda kwa hakimu akabishania sababu za kukataliwa. Aliyeambiwa “hatukubali wala hatukanushi” anabishana na ukungu.

Miaka miwili baadaye, Julai 2020, meya Bill de Blasio alitia saini sheria ya jiji inayowataka polisi kutangaza vyombo vyao vya upelelezi pamoja na masharti ya kuvitumia. Mitambo ya kutambua nyuso imo, kadhalika visoma namba za magari na ndege zisizo na rubani. Mswada wake ulikuwa umekaa barazani tangu mwaka 2017, ukapita pale tu mitaa ilipojaa waandamanaji baada ya kuuawa kwa George Floyd huko Minneapolis, Mei 2020. Polisi wakatii. Walichapisha kurasa nyingi. Lakini mkaguzi wa jiji aliyepewa kazi ya kuwaangalia alipozisoma, akatoa ripoti yake Novemba 2022, alikuta kwamba vyombo mbalimbali vimefungwa katika fungu moja chini ya jina moja pana, na kwamba maneno ni ya jumla kiasi cha msomaji kutojua ni kifaa gani hasa kinachotumika. Wakati huo chombo kipya kiliponunuliwa, kiliingizwa ndani ya fungu la zamani, na tangazo jipya halikuhitajika.

Hapo ndipo lilipo suala letu. Kuna sheria inayosema “waambieni watu”, na kuna sheria inayosema waambiwe nini, lini, na nani atakayewashika wasiposema. Ya kwanza humwachia mwenye kalamu achague cha kuandika, na mwenye kalamu ni yule yule anayechunguzwa.

Tazama Chicago. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, aliyekuwa na kisu kidogo mkononi, alipigwa risasi 16 na polisi aitwaye Jason Van Dyke. Taarifa za maandishi zilieleza kwamba kijana aliwaendea polisi akitishia kwa kisu. Gari la polisi lilikuwa na kamera, na kamera ilikuwa imeona jambo jingine: kijana alikuwa akipita kando, akijitenga nao. Kwa muda wa siku 400 jiji lilikuwa na vitu viwili kabatini, maandishi na picha, kimoja kikikikadhibisha kingine, na likawapa watu maandishi. Aprili 2015 baraza la jiji liliidhinisha fidia ya dola milioni 5 kwa familia, ambayo ilikuwa haijafungua hata kesi. Hilo lilitokea siku chache baada ya meya Rahm Emanuel kushinda marudio ya uchaguzi. Wengi waliyaunganisha mambo hayo mawili, meya alikana.

Picha ilitoka tarehe 24 Novemba 2015, nayo ilitoka kwa amri ya hakimu baada ya mwandishi wa habari wa kujitegemea, Brandon Smith, kufungua shauri chini ya sheria ya uhuru wa habari. Siku hiyo hiyo, saa chache kabla ya picha kuonyeshwa, Van Dyke alishtakiwa kwa mauaji. Wiki moja baadaye mkuu wa polisi akaondolewa. Mwaka 2018 Van Dyke alitiwa hatiani. Ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa mikononi mwa serikali tangu usiku wa kwanza. Hakuna kilichoongezeka katika siku zile 400 ila macho ya watu. Mwaka 2016 jiji liliweka utaratibu kwamba picha za matukio ya namna hii zitolewe ndani ya siku 60, na nyongeza isiyozidi siku 30. Hiyo ndiyo sheria ya aina ya pili. Imetaja kitu, na imetaja siku.

Huenda hapa msomaji wetu akauliza: picha ya tukio ni sawa, lakini kuanika jalada la makosa ya mtu si kuivunja sitara yake? Swali ni la haki, na vyama vya polisi vya Marekani vimelitoa mara nyingi, kwa lugha yao ya faragha na usalama wa familia. California ilifunga majalada ya nidhamu ya polisi mwaka 1978. New York ilikuwa imetangulia mwaka 1976, ikihofia mawakili wangetumia malalamiko ya zamani kuwadhalilisha polisi mahakamani. Sisi tuliosoma fikihi tunajua kwamba asili ya aibu ya mtu ni kusitiriwa. Tunajua pia kwamba wanazuoni wa hadithi walizikusanya kasoro za wapokezi, huyu mwongo, yule msahaulifu, wakaziandika vitabuni kwa majina, na hawakuiita kazi hiyo usengenyaji. Imamu Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ameweka mlango mzima wa mahali inaporuhusiwa kusema kasoro ya mtu, na ametaja sababu sita. Kinachotazamwa ni kama watu wanategemea neno la mtu huyo. Polisi ni shahidi kwa kazi yake. Neno lake hupeleka mtu gerezani. Anwani ya nyumba yake na majina ya watoto wake ni sitara, nayo ibaki. Uongo aliouandika katika taarifa ya kazi hauingii katika sitara hiyo.

Kwa hakika mpaka huo ndio uliowekwa na California. Septemba 2018 gavana Jerry Brown alitia saini sheria iliyoletwa na seneta Nancy Skinner, na inafaa kukumbuka kwamba ni Brown huyu huyu aliyetia saini ile ya kufunga majalada miaka 40 nyuma. Sheria mpya ilitaja mambo kwa majina: polisi anapomfyatulia mtu risasi, nguvu iliyoua au kujeruhi vibaya, na pale inapothibitika kuwa polisi amefanya uovu wa kijinsia kwa raia au amesema uongo kazini. Majalada ya hayo yatolewe kwa anayeyaomba, anwani na mambo ya familia yakifutwa. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Yaliyofuata yanafundisha kuliko sheria yenyewe. Desemba 2018, wiki chache kabla ya siku hiyo, baraza la mji wa Inglewood liliidhinisha kuharibiwa kwa majalada ya matukio zaidi ya 100 ya risasi za polisi na uchunguzi mwingine wa ndani. Viongozi walisema ni usafi wa kawaida wa kumbukumbu. Vyama vya polisi vilikimbilia mahakamani vikidai kwamba sheria haigusi yaliyopita kabla ya 2019, na vikashindwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Xavier Becerra, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia sheria, alikataa kutoa majalada yaliyokuwa ofisini mwake hadi alipopelekwa mahakamani na waandishi wa habari, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikaamua dhidi yake.

Kisa cha Inglewood ndicho tunachokiona kizito kuliko vyote. Mwenye kukataa jalada leo aweza kulazimishwa kesho, lakini jalada lililokwisha kuchanwa halina hakimu wa kulirudisha, na familia iliyopoteza mtu mwaka 2005 haina tena pa kuuliza. Wabunge wa California walirudi kazini mwaka 2021. Waliongeza makosa yanayopaswa kufunguliwa, yakiwamo nguvu kupita kiasi, upekuzi usio halali na polisi aliyesimama akitazama mwenzake akivunja sheria, na wakaweka siku 45 za kujibu maombi. Kisha wakaongeza sharti ambalo halikuwamo katika sheria ya 2018: jalada la kosa lililothibitishwa lihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 15, na la lalamiko lisilothibitishwa miaka 5.