Maumivu ya akina mama nayo yahesabiwe!

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nchi hii ilificha maradhi kwa zaidi ya mwaka mzima. Vilio vya waliofiwa vilisikika, maana msiba hauna siri. Lakini kipo kilio kingine ambacho wakubwa hawakukisikia wakati ule, na hawajakisikia mpaka leo. Ni kilio cha mwanamke ambaye hakufa kwa corona, bali alibaki ndani na maumivu yake ya miaka nenda miaka rudi, bila dawa na bila mtu wa kumwambia ukweli.

Tunazungumzia maumivu sugu. Hatusemi kichwa kinachouma leo kikapoa kesho. Wataalamu wanasema maumivu sugu ni yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeyapa nafasi yake katika orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa maneno mengine, dunia imekubali kwamba maumivu yenyewe yanaweza kuwa ugonjwa.

Wanaoumia ni akina nani? Wapo wenye selimundu, ugonjwa ambao watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa nchini. Msichana mwenye selimundu akikua, ujauzito humzidishia mashambulizi ya maumivu ya mifupa. Wapo wenye endometriosi, pale nyama zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi zinapoota nje yake. WHO inasema ugonjwa huu unawapata wanawake wapatao milioni 190 duniani, yaani karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Wapo wenye lupasi, ambayo wagonjwa wake tisa kati ya kumi ni wanawake. Wapo wa baridi yabisi, wanaoamka asubuhi vidole vimekakamaa, na ndoo ya maji inawangoja.

Mwanamke huyu akisema anaumwa, huambiwa ni chango. Huambiwa akizaa atapona. Mume humwita mvivu, wifi husema anadeka, jirani humwelekeza kwa mganga. Akifika zahanati hupewa panadoli na kurudishwa nyumbani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa tukumbushane yaliyotokea. Machi 16, 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona amepatikana nchini. Mwezi Mei mwaka huo zikatoka takwimu za mwisho: wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya. Mwezi Juni Rais John Magufuli akatangaza kwamba corona imeondolewa kwa maombi. Julai zikaja kanuni za kukataza kutangaza mtandaoni habari za mlipuko wa maradhi bila idhini. Wananchi wakaambiwa wapige nyungu.

Tunauliza, katika hali hiyo mwanamke mwenye lupasi afanye nini? Dawa zake nyingine hupunguza kinga ya mwili. Je, aendelee kuzimeza au aache? Madaktari wa nchi nyingine walikuwa wakiwashauri wagonjwa wao hadharani wasiache dawa bila kumwona daktari. Na yule wa selimundu, ambaye akishikwa na ugonjwa wa mapafu anaweza kupoteza maisha, aende kliniki au abaki nyumbani? Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam ilikuwa imegeuzwa kituo cha wagonjwa wa corona. Mgonjwa aliyezoea kutibiwa pale alipaswa kujua aende wapi, na je, huko aendako pana usalama? Huwezi kujibu swali hilo ikiwa rasmi ugonjwa haupo.

Wala si Tanzania peke yake. Marekani, Rais Donald Trump alipoisifia haidroksiklorokwini Machi 2020, watu waliikimbilia, na wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi, ambao ndiyo dawa yao ya kila siku, wakaikosa madukani. Juni mwaka huo huo ikathibitika kwamba haiwasaidii waliolazwa kwa corona. Uganda, Serikali ilizuia usafiri wa umma Machi 25, 2020, kisha magari binafsi, hata mgonjwa akalazimika kuomba kibali cha mkuu wa wilaya ili afike hospitali. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku. Majirani zetu walifungiwa barabara. Sisi tulifungiwa taarifa. Kote huko aliyesahauliwa ni yule yule: mgonjwa ambaye hafi leo wala haponi kesho.

Tuwe wakweli. Alipoingia madarakani Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 mwaka huo akazindua chanjo. Hilo tunalipongeza. Kisha Septemba 2021 zikaja fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Dola za Marekani milioni 567.25, yaani Sh trilioni 1.3. Yakajengwa madarasa 15,000. Zikanunuliwa mashine za hospitali na magari ya wagonjwa. Hatuna ugomvi na darasa wala gari la wagonjwa.

Lakini deni hilo litalipwa na wote, akiwamo muuza maandazi anayekanda unga huku viungo vinamuuma. Ana haki ya kuuliza: katika trilioni ile, fungu lake lilikuwa lipi? Kigogo akiumwa mgongo tumezoea kusikia yuko India. Mlalahoi yeye anaambiwa avumilie, eti mwanamke ameumbwa kuvumilia. Hiyo ni dhuluma iliyovishwa khanga ya sifa.

Kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Serikali ya CCM iliacha kuhesabu wagonjwa wa corona kwa sababu ya siasa, na madhara yake tuliyaona. Maumivu ya akina mama hupuuzwa kwa sababu ya mazoea, na matokeo ni yale yale: hakuna namba, hakuna bajeti, hakuna dawa.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iandikishe wagonjwa wa maumivu sugu, wake kwa waume, na hesabu hiyo itangazwe kila mwaka. Pili, dawa zao zipatikane huko huko wilayani, ikiwamo haidroksiyurea inayopunguza mashambulizi ya selimundu, na mofini kwa wenye kansa ya mlango wa kizazi, maana hiyo ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake wetu. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 isiwe pambo. Kitita chake kiwalipie wagonjwa hawa vipimo na dawa za kila mwezi. Nne, mpango wa mlipuko ujao uandikwe sasa, useme wazi kwamba mgonjwa wa muda mrefu atapewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, na ataambiwa ukweli siku ile ile.

Tunawaomba pia wauguzi na waganga wetu, ambao tunajua wanafanya kazi katika mazingira magumu: mwanamke akisema anaumwa, mwaminini kwanza, ndipo mumpime.

Wabunge nao wasisubiri mlipuko mwingine ndipo wapige meza. Waanze na swali moja tu kwa Waziri wa Afya: ni wanawake wangapi katika nchi hii wanaoishi na maumivu kila siku, na wanatibiwa wapi? Akikosa jibu, wananchi watakuwa wamelipata.