Kamera haioni nyuma ya mashua

Huko Marekani sheria ya 2008 ilizaliwa na kilio: watoto wadogo walikuwa wakikanyagwa uani na magari ya wazazi wao yakirudi nyuma. Tangu Mei 2018, magari mapya madogo huko ni lazima yawe na kamera ya nyuma.

Lakini ukifunga trela ya mashua, kamera hiyo huiona trela tu. Itakufaa wakati wa kuifunga, basi. Ukiirudisha majini, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, trela huenda kulia. Watoto wakae kando, unapowaona. Mtu mzima akuelekeze; asipoonekana kwenye kioo, simama. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapo kubali kuambiwa.