Mpimaji Hodari ni Yule Ajuaye Kuchagua

Tangu muhula huu uanze pamekuwa na mabishano katika Chama chetu cha Kompyuta, nami naona yafaa yaletwe mbele ya shule nzima. Mkuu wa Shule ametupa ruhusa, kwa maandishi, tuzipime kompyuta za shule katika siku tano za mwanzo wa likizo, mbele ya mwalimu wetu mlezi, ili tuone kama mwizi aweza kuziingia. Tunalobishania ni hili: je, tujaribu kila mbinu tuliyo nayo, au tuchague? Wengi wataka kujaribu zote. Mimi ni mmoja wa wachache wasemao tuchague, na hapa nitaeleza kwa nini.

Kwanza nieleze maneno, ili wazazi wasiozoea mambo haya wasiachwe nyuma. Programu ya kompyuta huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kosa moja laweza kuacha ufa ambao mtu mwenye ujuzi hupita humo akaingia asikotakiwa. Ufa huo huitwa udhaifu. Maagizo yaliyotungwa ili kuupitia ufa huo ndiyo ninayoyaita hapa mbinu ya kupenya. Mpimaji ni mtu aliyeruhusiwa na mwenye nyumba kuzijaribu mbinu hizo kabla mwizi hajazijaribu, kisha akaandika alichokiona ili nyufa zizibwe. Ni kazi ya halali, na watu huisomea na kulipwa kwayo.

Sasa tuitazame hesabu. Tangu mwaka 1999 nyufa zinazojulikana hupewa namba na kuandikwa katika daftari moja litumiwalo na ulimwengu mzima, liitwalo CVE. Katika mwaka 2024 peke yake ziliandikwa karibu 40,000, yaani zaidi ya mia moja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Sisi tuko wanachama kumi na wawili, tuna siku tano, na tuna kompyuta ishirini na nne, pamoja na ile moja ya ofisini itunzayo alama za mitihani. Asemaye kwamba tutajaribu yote hajaipima kazi yenyewe. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Wenzangu hujibu, "Basi tuanze na zile zenye namba kubwa." Jawabu hili lina maana, nalo lataka kufikiriwa. Iko mizani iitwayo CVSS, ipimayo ukali wa kila udhaifu kutoka 0 hadi 10, na kuanzia 9 huhesabiwa kuwa ni hatari kubwa kabisa. Mizani hii yafaa kutumiwa, walakini haifai kutegemewa peke yake. Yatuambia ufa ni mpana kiasi gani. Haituambii kama wezi wapita hapo, wala haituambii nyuma ya ukuta kuna nini.

Nitatoa mfano. Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Heartbleed, katika programu ya OpenSSL, ambayo tovuti nyingi duniani huitumia kuficha maneno yasisomwe njiani. Mtu wa mbali aliweza kuiomba seva kipande cha kumbukumbu yake, nayo ikampa bila kuuliza, kilobaiti 64 kwa mara moja, tena na tena. Katika vipande hivyo mlikuwa na maneno ya siri, na hata funguo za siri za seva zenyewe. Mizani ya wakati ule iliupa udhaifu huu 5.0, yaani wastani tu, kwa kuwa haukubadili kitu wala haukuzima kitu; ulivujisha habari basi. Lakini katika mwezi ule ule, idara ya kodi ya Kanada ilitangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zilichukuliwa kwa njia ya ufa huo, katika muda wa saa sita. Mpimaji ambaye angaliitazama namba peke yake angaliuacha Heartbleed mpaka siku ya tano, na pengine asiufikie kabisa.

Kwa hiyo nasema kwamba kila mbinu yapasa ipitishwe katika maswali manne kabla ya kutumiwa, na yafuatane kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: je, ufa huu uko kwetu? Mbinu iliyotungwa kwa ajili ya programu ambayo hatuna ni kama ufunguo wa nyumba ya mji mwingine. Kabla ya kushika mbinu yo yote, tuandike kila kompyuta ina programu gani na ya toleo gani. Kazi hii haina sifa, na wenzangu hawaipendi, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Tukilimaliza daftari hilo, tutaona kwamba sehemu kubwa ya nyufa zile 40,000 haituhusu.

Swali la pili: je, wezi wautumia? Mwezi Novemba 2021, shirika la serikali ya Marekani liitwalo CISA lilianza kuchapisha orodha ya nyufa ambazo pana ushahidi kwamba zimekwisha kutumiwa na wezi. Hadi mwisho wa mwaka 2024 orodha hiyo ilikuwa na nyufa zaidi kidogo ya 1,200, ingawa daftari la CVE lilikuwa limekwisha kupita 250,000. Tazameni tofauti hiyo! Kati ya nyufa nyingi mno zilizoandikwa, ni chache tu ambazo wezi wameonekana wakizipitia. Tena uko mpango mwingine, EPSS, ukadiriao kila siku uwezekano wa kila ufa kutumiwa katika siku thelathini zijazo. Vitu hivi viwili hupatikana bure. Mwanafunzi ye yote aweza kuvisoma, na asiyevisoma ataupoteza wakati wake akitafuta njia ambayo mwizi hapiti.

Wala wezi hawapendi mambo mapya tu. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu katika Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, programu haribifu ya WannaCry ilipita katika ufa huo huo, kwa sababu wengi hawakukitia kiraka. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizoumia, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la tatu: nyuma ya mlango huu kuna nini? Kompyuta ishirini na nne za wanafunzi hazina siri kubwa. Mtu akiziingia atakuta insha zetu na michezo. Ile ya ofisini ni jambo jingine. Humo mna alama za kila mtoto, na mtu akiibadili C kuwa A, anamdhulumu yule aliyeipata A yake kwa kukesha. Kwa hiyo ufa wa wastani katika kompyuta ya ofisini una uzito kuliko ufa mkali katika kompyuta ya michezo. Hapa mizani ya dunia haiwezi kutusaidia, maana aliyeitunga haijui shule yetu. Sisi ndio tuijuayo.

Swali la nne ndilo wenzangu wanalolisahau: je, mbinu hii yaweza kukivunja tunachokipima? Metasploit, chombo kilichoanzishwa mwaka 2003 na kitumiwacho na wapimaji wengi, kimezipanga mbinu zake katika madaraja saba. Daraja la juu ni la mbinu zisizozimisha kamwe programu inayopimwa. La chini kabisa ni la zile zisizotulia, au zisizofaa kutumiwa mpaka mtu azirekebishe kwa mkono wake. Sasa utazameni udhaifu wa BlueKeep, uliotangazwa Mei 2019, unaozihusu Windows za zamani kama Windows 7, ambayo baadhi ya kompyuta zetu zaitumia bado. Namba yake ni 9.8. Kwa wapenda namba, huo ndio wa kwanza kujaribiwa. Lakini mbinu yake ilipotiwa katika Metasploit mwezi Septemba mwaka ule, iliwekwa katika daraja la chini kabisa, maana ukikosea kidogo kompyuta huzimika ghafula. Hata wezi wenyewe walijulikana kwa hilo: Oktoba 2019, kompyuta zilizowekwa kama mitego zilianza kuzimika moja baada ya moja, na kwa njia hiyo wataalamu wakatambua kwamba wezi wameanza kuutumia ufa huo.

Basi fikirini. Katika wiki hiyo hiyo tutakayopima, ofisi itakuwa ikichapa ripoti za kuwapelekea wazazi. Tukiizima kompyuta ya ofisini kwa mbinu isiyotulia, na alama zikapotea, tutakuwa tumefanya kwa ruhusa lile ambalo mwizi angalilifanya kwa siri. Tena ziko njia za kuiuliza kompyuta kama ina ufa wa BlueKeep bila kuupitia. Mahali ambapo kuuliza kwatosha, kuvunja kwafaa nini?

Najua hoja kubwa ya wenzangu, nami sitaki kuidharau. Wasema, "Mwizi hachagui kwa adabu. Ule ufa tutakaouacha ndio atakaoupitia." Ni kweli kwamba tutaacha baadhi. Lakini kuziba ufa hakutaki kwanza mtu apite ndani yake. Viraka vyote vinavyopatikana vyapaswa kutiwa, tumejaribu au hatukujaribu. Kupenya ni kwa ajili ya kuonyesha, kwa ushahidi usiobishika, ni mlango gani uzibwe leo na upi waweza kungoja hadi mwezi ujao. Kadhalika yatupasa tuandike wazi katika taarifa yetu yale tusiyoyajaribu na sababu zake. Taarifa iyatajayo yaliyoachwa humsaidia Mkuu wa Shule kuliko ile ijisifuyo kwa wingi wa mbinu. Wala tusisahau kwamba mara nyingi mwizi hahitaji mbinu yo yote. Neno la siri likiwa ni 123456, au likibandikwa kwenye kioo cha kompyuta, ameingia.

Liko neno moja kwa wadogo zangu wa vidato vya chini, ambao naona macho yao yang'aa wasikiapo habari hizi. Katika ile habari ya Kanada, aliyekamatwa alikuwa mwanafunzi wa miaka 19. Hakuna mtu aliyemwita, wala hakuwa na karatasi ya ruhusa. Nchini kwetu Tanzania pia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kuwa ni kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa, hata kama hukuiba kitu. Ruhusa tuliyopewa ni ya kompyuta za shule, kwa siku tano, mbele ya mwalimu. Ya simu ya jirani au ya duka la sokoni hatuna.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Siku ya kwanza na ya pili tuandike daftari na kuuliza bila kuvunja. Siku ya tatu tuketi pamoja na mwalimu mlezi, tuchague mbinu zisizozidi kumi kwa maswali yale manne. Siku ya nne tuzijaribu, tukianza na kompyuta za wanafunzi. Ya ofisini tuifikie baada ya alama zake kunakiliwa na kufungiwa kabatini. Siku ya tano tuandike taarifa. Wazazi nao wasisite kumwuliza Mkuu wa Shule taarifa hiyo ilisema nini na nini kilizibwa, maana alama zitunzwazo mle ofisini ni za watoto wao.

Haya ni maoni yangu. Mwenye hoja ya kuyapinga naomba aiandike, nasi tuisome katika toleo lijalo.

Katibu wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Sita